"Nimekutolea takataka." TAKATAKA??

Jina silitaji. Lubumbashi nzima inamjua yule fundi gitaa mwenye meza mtaa (komini) wa Kenya, mwenye chuma cha kulehemu kinachotosha kuunga reli za treni.

Kazi ilikuwa moja: badilisha potensiometa ya sauti ya gitaa langu (kile kitufe cha kuzungusha), weka ya kilo-ohm 250, maana mikro (vinasa sauti) za gitaa hilo la bei poa ni za koili moja. Basi. Nafika kuchukua, bolti yangu haipo! "Nimekutolea takataka chini ya nyuzi."

Bolti ya milimita 6 inalala juu ya freti ya 12 (vile vichuma vya shingoni) MAKUSUDI. Inagawa nyuzi nusu kwa nusu: ukidonoa upande wa mikro, upande wa pili unaitikia kama kengele. Sauti yote ya bendi ni hiyo. Eti takataka!

Tena kapasita ya nanofaradi 47 kaiunga moja kwa moja toka waya wa sauti hadi ardhi, haipiti potensiometa ya toni. Sauti kali zote zinamwagika. Waya wa ardhi wa kwenye daraja (kikalio cha nyuzi) kaukata, sasa hata nikishika nyuzi mvumo haupungui. Halafu kadai faranga za "usafi". Za kutoa takataka!

Besi_wa_Katuba: Faranga za usafi 😂😂 Na ulilipa!

Solo7: Yaya, punguza machozi. Bandua mguu wa kapasita ulioshika waya wa sauti, upeleke mguu wa kati wa potensiometa ya toni. Sauti iingilie mguu wa pembeni. Chuma kisikae zaidi ya sekunde 3, utaunguza potensiometa ndani.

Mvumo: Afadhali wewe. Mimi kanibandikia karatasi ya alumini ya sigara kuzuia mvumo. Risasi ya kulehemu haishiki alumini! Kwenye mji wa shaba, jamani!

Mzee_Rumba: Mwenda wa Bayeke, gwiji wa gitaa wa Katanga, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Nyie mabolti.

Solo7: Mzee, bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa walitengeneza mikro za likembe (kinanda cha vidole gumba) kwa sumaku za magari mabovu, wakazunguka Ulaya.

Mzee_Rumba: Hao walikuwa na wimbo.

Besi_wa_Katuba: 😂😂😂 Bolti ilitoka na haki yake.

Mvumo: Nani anauza nyuzi za namba 10 zisizo na kutu? Za sokoni zinakatika kwenye daraja kabla hujamaliza kutuni.

Solo7: Piga msasa tandiko la daraja, lina ncha. Umeme umerudi Kamalondo?

Mvumo: Wapi.