Tupeane uzoefu: kipimo cha maji ya simtanki kwa ESP32, na namna ya kukifikisha mwisho

mnara_wa_maji: Wakuu, wengi wanaojifunza ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) wanaanza na kipimo cha maji ya tenki, na ni chaguo zuri. Maji ya mgao yanakuja usiku, simtanki liko juu ya mnara, kupanda kuchungulia kila asubuhi ni kazi. Tuweke hapa yanayokwamisha, na namba zake.

Naanza na waya. HC-SR04, sensa inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti, inatumia volti 5, na pini yake ya Echo (inayotoa jibu la mwangwi) inarudisha volti 5 hizohizo. Pini za ESP32 ni za volti 3.3. Weka resista ya kilo-ohm 1 kutoka Echo hadi pini ya ESP32, kisha ya kilo-ohm 2 kutoka pini hiyo hadi GND (upande hasi wa umeme): theluthi mbili za 5 ni 3.3. Bila resista inaweza kusoma vizuri kwa muda, ndiyo maana watu hawaamini, lakini pini inabeba mzigo usio wake.

Hesabu: mikrosekunde za sauti kwenda na kurudi × 0.0343 ÷ 2 = sentimita. Ikisoma 5800, maji yako karibu sentimita 99 chini ya sensa.

risasi_na_waya: Mkuu, HC-SR04 ni ya kujifunzia mezani tu. Macho yake yako wazi, na mvuke wa ndani ya tenki utayala. Juu ya maji weka JSN-SR04T, yenye jicho moja lililozibwa na kebo ndefu. Ila ina upofu wa sentimita 20 hadi 25: chochote kilicho karibu zaidi ya hapo inakisoma ovyo. Ukiifunga kwenye mfuniko wa tenki linalojaa hadi juu, namba zinaruka tenki likijaa na utadhani kosa liko kwenye kodi (maandishi ya programu). Inyanyue kwa kipande cha bomba pana ili ibaki sentimita 30 juu ya tundu la maji ya ziada, na iwe mbali na bomba la kuingizia maji, maana mwangwi hurudi kutoka kwenye bomba badala ya maji.

Soma mara 7, ukiacha milisekunde 60 kati ya kipimo na kipimo, kisha zipange na uchukue ya katikati. Wastani haufai hapa. Namba moja mbovu inauvuta wote.

kebo_fupi: Kabla ya kulaumu bodi, badilisha kebo ya USB. Nyingi ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data. Taa itawaka lakini kompyuta haitaona kitu. Kebo ikiwa nzima na bado haionekani, angalia chipu iliyo karibu na soketi, CH340 au CP2102, uweke draiva yake. Halafu rauta: ESP32 ya kawaida inakamata 2.4 GHz pekee.

daftari_la_jumanne: Niongezee la uwajibikaji, kwa sababu hapo ndipo miradi hii inalala kwenye boksi. Andika mstari wa mwisho, yaani utajuaje mradi umekamilika, kabla ya kununua chochote. Kwa mfano: "Asilimia inaonekana kwenye simu, saa 72 bila bodi kujiwasha upya, tofauti na fimbo ya kupimia isizidi sentimita 2." Pampu iache kwanza. Ule ni mradi mwingine, wenye volti 230, kontakta (swichi ya umeme mkubwa) na fundi umeme.

Mwenza wa kukufuatilia asiulize "mradi unaendeleaje", kwa sababu jibu ni "poa" siku zote. Aulize: leo umebadilisha nini, na kimesoma ngapi? Daftarini iwe hivi:

*Jumanne. Badiliko: Echo kutoka GPIO 12 kwenda 18. Matokeo: imeamka mara 10 kati ya 10. Kesho: kusoma mara 7.*

Badiliko moja tu kwa siku. Ukigusa kebo, pini na kodi kwa mpigo, hata ikikubali hutajua kilichoponya ni kipi. (GPIO ni namba za pini za bodi. Hiyo 12 ikikuta volti wakati wa kuwasha, bodi inagoma kuamka, na 6 hadi 11 ni za flashi, kumbukumbu ya bodi, usiziguse.)

risasi_na_waya: Saa 72 hizo zitakuonyesha ugonjwa wa Wi-Fi. Bodi ikirusha data huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinashuka, inajizima na kuandika "Brownout detector was triggered". Weka kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya 5V na GND, karibu na bodi, mguu hasi upande wa GND. Tumia chaja ya ampea 1 au zaidi na kebo fupi.

kebo_fupi: Mkituma kodi GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi) ili mwenza aione, nenosiri la Wi-Fi likae faili la peke yake, lililoandikwa kwenye .gitignore (orodha ya mafaili yasiyopandishwa) kabla ya komiti, yaani hifadhi, ya kwanza. Likishapanda, kulifuta hakusaidii kwa kuwa linabaki kwenye historia. Badilisha nenosiri la rauta siku hiyohiyo.