Nimeanguka, rafiki zangu wamecheka. Mgeni ameanguka, wamemkimbilia. Naomba ushauri

Mhamiaji wa Ihumwa (mleta uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma nikitokea Tanga, na hapa nimepata marafiki watatu wa kazini ambao tunakula pamoja mchana na kurudi mjini kwa daladala moja. Siku moja tukiwa kwa mama lishe, mguu wa kiti cha plastiki nilichokalia ulikatika, nikaenda chini pamoja na sahani yangu ya ugali na mlenda. Rafiki zangu walicheka hadi mmoja wao akatoka nje kutafuta hewa, na swali la kama nimeumia lilikuja baada ya kicheko kwisha. Haukupita muda mrefu, tukiwa stendi ya Nzuguni, baba mmoja tusiyemfahamu alijikwaa kwenye ngazi ya basi, akadondoka na ndoo yake ya zabibu. Watu walewale walimkimbilia, wakampa pole, wakachuchumaa kuokota zabibu mpaka ndoo ikarudi kujaa, na hakuna aliyethubutu hata kutabasamu.

Sina kinyongo na yule baba, na nilifurahi kuwa alisaidiwa. Ninachouliza ni hiki: kicheko nilichopewa mimi ni dharau iliyojificha ndani ya urafiki, au ndivyo binadamu tulivyo? Je, nijitenge nao kidogo, maana kisa cha kiti bado kinasimuliwa, na kila kinaposimuliwa kinaongezwa chumvi?

Mzee wa Chamwino

Binti yangu, pole, ingawa ungekuwa mtani wangu nisingekupa pole hiyo mapema hivi.

Hapa Ugogoni utani haukubuniwa juzi. Peter Rigby, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagogo, aliandika mwaka 1968 kuhusu utani wa koo zetu, na kabla yake, mwaka 1940, mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alikwisha kuueleza utani kuwa uhusiano ambamo desturi humruhusu mtu, na wakati mwingine humlazimu, kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Uzingatie kwamba kibali hicho kina wenyewe. Rafiki akikucheka leo, nawe unayo haki ya kumcheka kesho. Yule baba wa zabibu hana kesho na rafiki zako. Wangemcheka, angeondoka na kicheko chao bila nafasi ya kukilipa, na hilo kwetu ni tusi. Kwa mtu wa namna hiyo tunayo pole, ambayo tunaitoa hata kwa aliyejikwaa tu bila kuanguka.

Msomaji wa Makulu

Naomba kuongeza upande wa saikolojia, kwa kuwa maelezo ya Mzee yanatueleza nani anaruhusiwa kucheka, lakini hayatuelezi kwa nini kicheko kinamtoka mtu kabla hajafikiria ruhusa yoyote.

Mwaka 1998 mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran alipendekeza kwamba kicheko kilianza kama ishara ya kuwajulisha wenzetu kuwa jambo lililoonekana la hatari halina hatari. Mtu akiteleza na kupasuka kichwa, tunamkimbilia. Akiinuka mzima, tunacheka, na wote waliosikia wanajua kuwa hakuna haja ya kukimbia. Sasa turudi kwa mama lishe. Rafiki zako wanaifahamu sauti yako, na wanajua uso wako unavyokuwa unapoumwa kweli, kwa hiyo kukutazama mara moja kuliwatosha. Kuhusu yule baba hawakujua lolote: huenda ana mgongo mbovu, huenda ana shinikizo la damu, huenda ndoo ile ndiyo mtaji wake wote. Hofu yao haikupata sababu ya kuondoka, na pasipo hofu kuondoka kicheko hakina pa kutokea.

Wapo pia watafiti wa ucheshi Peter McGraw na Caleb Warren, ambao mwaka 2010 walieleza kwamba jambo huchekesha linapoonekana kuvunja utaratibu na, wakati huohuo, linapoonekana halina madhara. Mwaka 2012, pamoja na wenzao, walipima suala linalokaribiana sana na la kwako. Waliwapa watu kisa cha mtu aliyepoteza fedha bila kukusudia kwa kutuma ujumbe wa simu, na ikaonekana kwamba hasara ndogo ilichekesha zaidi mhusika alipokuwa rafiki, ilhali hasara kubwa ilichekesha zaidi alipokuwa mgeni. Kwa maana hiyo, tukio dogo likimpata mtu wa mbali linapoa mno kiasi cha kutochekesha, na tukio zito likimpata mtu wa karibu linauma mno. Kiti kilichovunjika chini ya rafiki asiyeumia kiko katikati kabisa. Ungevunjika mkono, kicheko kile kingekatika papo hapo.

Jambo la mwisho: mtafiti wa kicheko Robert Provine aligundua kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Sehemu ya kicheko kile, dada, haikukuhusu wewe. Walikuwa wanachekeana wao kwa wao.

Bajaji Nkuhungu

Siafiki kwamba wageni hawachekwi. Kijiweni kwetu, mvua ikinyesha na mpita njia akiteleza kwenye tope, watu hucheka sana, ila wanangoja kwanza apite. Na hizo video za watu wanaoanguka ambazo tunatumiana kwenye simu, kuna anayemjua hata mmoja wao? Mimi naona kinachotuzuia ni macho ya aliyeanguka tu.

Msomaji wa Makulu

Hoja yako ina nguvu, mkuu, na nakubali kwamba adabu ina sehemu yake. Hata hivyo, aliyeko kwenye simu yuko mbali, na anaonekana ameshapona kwa kuwa video imetufikia na watu wengine wameshaicheka. Huyo wa kwenye tope naye ameinuka na kuondoka kwa miguu yake kabla hamjaanza. Mmengoja macho yaondoke, lakini mmengoja pia uhakika.

Mzee wa Chamwino

Kijana wa Makulu, hapo kwenye jambo zito sijaridhika. Msiba ni mzito kuliko yote, na watani hucheka hatua chache kutoka kwenye jeneza. Wataiga mwendo wa marehemu, watazuia shughuli mpaka wapewe chochote, na wafiwa wenyewe watajikuta wametabasamu. Hao hawako mbali. Labda useme kwamba mtani hasimami alipo mfiwa wala hasimami alipo mgeni, na kwamba amewekwa pale makusudi kwa sababu wenye uchungu hawawezi kuifanya kazi hiyo.

Mhamiaji wa Ihumwa

Nawashukuru nyote. Kicheko cha kwa mama lishe sasa nimekielewa, na sidhani kama kiliwahi kuniuma sana. Kinachonikera ni kwamba kisa kilisimuliwa kabla ya kikao, mbele ya mkuu wetu na watumishi wapya ambao sijawahi kunywa nao hata chai, nao wakacheka.

Mama wa Kisasa

Dada, jambo lako kumbe ni hili la pili. Rafiki zako wamekigawa kicheko kwa watu ambao hujawapa, na hao wapya, wasiokufahamu kwa lolote jingine, sasa wanakufahamu kwa kiti.

Usijitenge. Siku watakapokupa pole kwa uso mkavu kama walivyompa yule baba, utajua kwamba umeshakuwa mgeni wao, na sidhani kama utaifurahia. Badala yake, mtafute msimuliaji akiwa peke yake, wakati ambao hakuna anayecheka, umwambie waziwazi kwamba mkiwa ninyi wanne asimulie atakavyo, lakini mbele ya mkuu na wageni kisa hicho hakisimuliwi. Usiliseme kwa mzaha, kwa kuwa litapokelewa kwa mzaha. Kabla ya hapo jiulize mambo mawili: kicheko kilipokwisha walifanya nini, na je, wao huchekwa? Kama kila siku anayechekwa ni yuleyule, huo si utani tena, hata Mzee hapo juu ataniunga mkono.

Mzee wa Chamwino

Nakuunga mkono.

Mhamiaji wa Ihumwa

Kicheko kilipokwisha, mmoja aliniazima khanga nikajifunga kurudi ofisini, na mwingine akalipia sahani ya pili. Wawili hao huchekwa, tena na mimi mwenyewe. Wa tatu hakuna anayethubutu kumcheka, na sasa naona kwamba ndiye aliyekipeleka kisa kwenye kikao. Nitazungumza naye Jumatatu asubuhi, kabla ya chai.