Neno "set" limekupa tabu wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu, mwaka jana mama alilazwa. Nesi akanituma famasi: "Lete kanula na giving set." Kanula naijua, kile kimrija kinachochomekwa kwenye mshipa. Hiyo ya pili nikaisikia kama seti ya vikombe, yaani vitu vingi vya pamoja, nikarudi na pamba, plasta, glavu na mabomba ya sindano. Kumbe ni ule mpira mwembamba tu unaoshusha dripu, wenye kigurudumu cha kupunguza matone. Mama akangoja huku nikirudi dukani mbio, hela ya bodaboda imeshakwisha. Iliniuma sana.

Tangu hapo nalifuatilia neno hili. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, ilikipa kitenzi cha Kiingereza set maana zaidi ya 430. Nilichokipenda zaidi ni asili yake, maana inafanana na keti na ketisha zetu: set ni ndugu wa sit (kuketi), yaani kukalisha kitu mahali pake. Ile set ya kundi la vitu ilipita njia nyingine, ikatokea Kifaransa cha zamani. Wewe lilikukuta wapi?

Fundi, Mbagala: Kwenye zege. Msimamizi alisema "imeshaset", nami kesho yake asubuhi nikavua mbao za lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Ikapiga ufa katikati. Kuset ni zege kukamata tu, ukibonyeza halibonyei, lakini nguvu bado. Ndiyo maana vipande vya majaribio huvunjwa maabara siku ya 28. Lenta ile niliirudia kwa hela yangu.

Mwalimu, Nakuru: Huku Kenya tuna setbook, kitabu kilichoteuliwa kutahiniwa. Nikiwa kidato cha tatu nilimwambia baba nahitaji setbooks, akauza mbuzi akidhani ni seti ya vitabu vyote vya mwaka. Alipojua hakunigombeza, ila mbuzi alikuwa ameshaenda.

Dada wa saluni: Kuseti nywele, rola na drai, basi. Kwangu halijawahi kusumbua.

Nesi: Mleta mada, pole sana, na mama pia mpe pole. Tumeizoea giving set tangu chuoni, tunasahau kuwa ndugu wa mgonjwa hajawahi kuiona. Mimi siku hizi natembea na pakiti yake tupu mfukoni. Namwonyesha ndugu, anaipiga picha kwa simu, ndipo anakwenda dukani.