AMENUSA SABUNI YANGU MBELE YA BATU BOTE!!!

Bandugu niko naandika mikono inatetemeka, nimetoka ku porti ya Goma saa hii hii, ata viatu sijatoa. Ule shefu wetu munamujua, sitamutaja, ule wa kofia, ule anakoholaka kwanza njo anaongea. Leo asubui tunafunga kamba ya boti tu, abiria bado banashuka, ananiita mimi mutunza depo, "magazinye, fungua sakoshi." Nafungua. Ndani iko taulo, mswaki, shati moja na sabuni yangu, nusu kipande ya bleu nilinunua mimi mwenyewe ku soko ya Kituku na franga yangu. Akaishika. Akainua juu kama padri. AKANUSA. Yani mutu muzima, baba ya batoto, alifunga macho akanusa sabuni yangu mbele ya bamama ba mikate, mbele ya bapakizi, mbele ya mbuzi ya mutu, njo akasema "hii harufu ni ya chombo."

Harufu ya chombo! Chombo yenyewe inanuka mazutu, mafuta ya mashini, na samaki sambaza ya juzi!

Miaka 6 niko mu ile depo ya chombo, kishimo ya chini pembeni ya mashini, dirisha hakuna. Kila kitu iko na fishi (karatasi ya hesabu) yake ya stoki, filtre, grese, balbu, kamba, jile ya kuokoa, mpaka karatasi ya choo. Kitu haitoke bila bo, karatasi ya ruhusa, yenye sinyatire mbili. Na nani anavunjaka hiyo sheria? Saa nane ya usiku tunapita kisiwa ya Idjwi anatuma mutoto, "shefu anaomba bido (dumu) mbili ya mazutu, bo itakuya kesho." Ile kesho niko naingoja tangu mwaka jana. Mwisho wa mwezi inventeri, kijiti inaingia mu tanki, litre zinakosa, mwizi njo mimi. Nilimuelezea polepole kama mutoto wa primeri, shefu mazutu tulipokea saa saba jua kali, tunapima saa kumi na moja asubui na baridi ya Kivu, mazutu inajikunja, ku litre 1000 digrii 10 zikishuka unapoteza litre 8 hivi bila mutu kugusa, tena chombo inayumba, kijiti inadanganya. Akacheka, ati mazutu inajikunja, ni nguo? Lakini kwa sabuni, hapo pua yake ni laboratware!

Kivu haina mamba, bote tunajua. Wa kwetu alipanda mu chombo.

Alafu alinusa mara mbili, nilisahau kusema. MARA MBILI.

Mwana_Ndosho: Sasa bosi, ilikuwa ya chombo ao hapana? Jibu kwanza.

Bukavu_Moja: kkkkkk "akainua kama padri" nimekufa

Magazinye_G (mwenye uzi): Ni YANGU! Nilikata na kisu nyumbani, nusu ingine iko ku bibi yangu, akuye anuse na ile.

Mwana_Ndosho: Akuye anuse ku bibi yako? Muzee, soma mbele ya kutuma.

Kadutu_Fikra: Ku manowari za Marekani mukubwa wa depo banamuitaka Chop, kipande ya nguruwe, juu ya alama ya majani anavaaka, inafanana na nyama. Bale ba chini yake bakaitwa magazinye mpaka 2009 njo bakabadilishwa jina, sasa ni ba lojistiki. Weye toka leo uko Sabuni.

Mama_Mikate: Nilikuwa pale, ni kweli alinusa. Lakini Sabuni, ile mikate ulikulaka ukisema "mama andika," fishi yangu ya stoki inasema 11. Mikate nayo inajikunja na baridi?

Bukavu_Moja: MAMA 😂😂😂

Lushois_Kamili: Weye unalia juu ya kunuswa? Huku Lubumbashi mu depo ya mine (machimbo) bananivulisha viatu kila mangaribi, bananipapasa mpaka soksi, na mushahara ni mwezi wa tatu hatujaiona.

Mwalimu_wa_Kijani: Mwezi wa tatu? Karibu kwetu, tutakupa kiti.

Magazinye_G (mwenye uzi): Tafadhali turudi ku sabuni.

Bukavu_Moja: Mimi boti ya usiku niliacha, napandaka kano, boti ya mbio, masaa matatu hivi uko Bukavu.

Mwana_Ndosho: Kano inaruka kama mbuzi, juzi nilitapikia koti ya pasteri.

Bukavu_Moja: Ilikuwa WEYE??? Nilikuwa kiti ya nyuma!

Mwana_Ndosho: Ile maji ilikuwa na mawimbi, ata nahodha alishika tumbo.

Dada_Himbi: Sabuni, unapanda leo usiku? Niko na mikungu mbili ya ndizi ya kutuma ku mama Bukavu, kaka atangoja ku porti asubui.