Mwanagenzi wa gereji alindwe na sheria gani?

Wana Mombasa, hebu tulijadili hili bila ya kuoneana haya. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, Sura ya 237, ndiyo inayosimamia uanagenzi hapa Kenya, nayo ilitungwa 1959, kabla ya uhuru. Imerekebishwa, na marekebisho ya 2011 ndiyo yaliyounda NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Lakini bado inamfikiria mwajiri mwenye kiwanda na karani wa kuandika mkataba na kuupeleka kusajiliwa. Wanagenzi wetu hawako huko. Wako kwenye gereji za Changamwe, kwa maseremala wa Majengo, kwa washonaji wa Kongowea. Kijana anapelekwa na mjomba wake, yanasemwa maneno mawili matatu, keshaanza kazi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, na ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inamtaja pia. Sasa cheche za grainda zikimwingia jichoni na hana karatasi yoyote, nani atathibitisha kwamba pale alikuwa kazini?

Linaloniuma zaidi ni muda. Fundi ndiye anayeamua kijana ameiva lini. Mtu anashusha injini na kuirudisha peke yake, na bado anaitwa mwanafunzi na kupewa hela ya chai, ilhali mteja amelipa bei ya fundi kamili. Mimi nataka mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, usajiliwe kwenye wadi bila malipo, uwe na tarehe ya mwisho. Tarehe ikifika, kijana afanye mtihani wa gredi wa NITA. Mnasemaje?

Mwenye gereji, Magongo: Ndugu yangu, umesema nusu. Mwaka wa kwanza kijana ni hasara kwangu. Anakata bolti, anamwaga oili, na anayejibu kwa mteja ni mimi. Mkinitwika bima na mshahara wa kima cha chini, nitabaki na vijana wawili ninaowajua. Wengine waende wapi, maskani? Na huo mtihani una ada, alipe nani? Halafu akishafuzu anafungua gereji mkabala na yangu, anaondoka na wateja wangu. Mbona hilo hamlitaji?

Mama, Likoni: Kaka, hiyo hasara hubebi peke yako. Wangu alipokwenda kujifunza kuchomelea, sisi ndio tuliomlipa fundi, na nauli na chakula juu yetu. Miezi ikapita anatumwa dukani na kufagia. Sheria iseme pia mtoto atafunzwa nini, maana tarehe ya mwisho bila ujuzi haitamsaidia.

Mwanzilishi wa mjadala: Dada, hilo ni zito, na liingie kwenye ukurasa ule ule: mwaka wa kwanza anafunzwa hiki, wa pili kile, na mzazi apewe nakala.

Ndugu wa Magongo, kwenye mshahara nakubaliana nawe. Kima cha chini tangu siku ya kwanza kitawafungia vijana milango. Afadhali posho ndogo inayopanda kila mwaka. Bima na ada ya mtihani sitaki zitoke mfukoni mwako. Tayari waajiri wanatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, na hoteli na viwanda vya hapa kwetu vina wafanyakazi wengi. Fungu la pesa hizo lije kwa gereji ndogo zinazofunza kweli. Sheria ikibadilishwa pasipo hilo, kazi ya serikali itakuwa imeangushiwa wewe.

Kuhusu kijana kufungua gereji mkabala nawe, kumzuia sikubali. Ninachoweza kukubali ni kwamba baada ya kufuzu akufanyie kazi miezi kadhaa, kwa mshahara wa fundi, muda wenyewe uandikwe tangu mwanzo. Mengine tutalegezana. Tarehe ya mwisho, hapana.