Bunduki za kwenye mabawa mnazikutanisha mita ngapi? (War Thunder)

Mtoto wa Ngamiani:
Habari za jioni wakuu, niko hapa Tanga mjini nacheza War Thunder, gemu ya vita vya ndege, usiku usiku maana ndo bando linashikika. Sasa nimefika kwenye Hurricane na Spitfire za mwanzo, ndege za kivita za Waingereza za Vita vya Pili, zile zina bunduki nane, nne bawa hili nne bawa lile, shida ni kwamba nikimkamata Mjerumani kwa nyuma, nimemweka katikati ya kioo cha kulengea kabisa, nabonyeza, naona risasi zinampita kulia na kushoto yeye yupo katikati anaenda zake. Nimechimba kwenye setingi nimekuta umbali wa risasi kukutana ni mita 500, jamaa mmoja kitaa anasema nipandishe 800 ndo nitapiga mbali. Nyie mnaweka ngapi? Na ile ya wima ya kuwasha na kuzima ina kazi gani?

Fundi Makorora:
Huyo wa 800 muulize kwanza ameangusha wangapi 😂

Iko hivi yakhe, bunduki ziko pembeni kwa hiyo zimeelekezwa kidogo kuja ndani, mistari ya risasi inakatana kama mkasi. Kabla ya hapo zimeachana, na zikishapita hapo zinaachana tena upande wa pili. Ukiweka 250, zikifika mita 500 zimeshapishana na upana wake ni uleule uliokuwa kwenye mabawa yako. Sasa wewe umeweka 500 halafu unampiga mtu aliye mita 200, hapo risasi bado zina zaidi ya nusu ya ule upana, na kiwiliwili cha Messerschmitt 109, ile ndege ya Mjerumani, ni chembamba, lazima apite katikati. Shusha 250.

Babu Chumbageni:
Naunga mkono, na Waingereza wenyewe walianzia yadi 400, marubani waliopigana Ufaransa 1940 wakaona haiui, wakashusha mpaka yadi 250 ambayo ni kama mita 230. Zile .303 za Hurricane na Spitfire ni risasi ndogo, moja moja haimfanyi kitu mtu, zinataka zirundikane sehemu moja.

Dada Rubani:
Mi siwekagi 250 kwa kila ndege jamani. Hebu angalia kwanza huwa unafyatulia wapi, kwenye modi ya rialistiki umbali umeandikwa pale kwa adui, usome wakati unabonyeza, namba inayojirudia ndo uiweke. P-47 ya Wamarekani naipa 350 kwa sababu zile bunduki zake nane za .50, risasi kubwa kuliko .303, hata zikitawanyika kidogo zinauma.

Ya wima: risasi inaanguka njiani, ukiwasha mitutu inainuliwa kidogo ili zitue kwenye alama kwa umbali uliochagua. Adui akiwa karibu kuliko hapo zinaweza kumpita juu kidogo, usishangae. Na ukihamia 109 F (toleo la 109) au P-38 ya Wamarekani silaha zote ziko puani, hakuna cha kukatana pembeni, kinachobaki kukusumbua ni hiyo wima tu.

Mtoto wa Ngamiani:
Aisee nimeelewa. Ila nataka nihamie modi ya simuleta, kule hakuna namba, nitajuaje niko 250?

Babu Chumbageni:
Kwa mabawa yake. Kioo cha Spitfire ya kweli kilikuwa na pete mbili za kuzungusha, moja unaweka upana wa mabawa ya adui nyingine umbali, akijaza mwanya ule wa katikati ujue umefika. Kwenye gemu zoea kwa macho, 109 ni kama mita 10 ncha kwa ncha. Wengi wanaharibu kwa He 111, ndege ya mabomu ya Mjerumani, ile ina mita 22 na kitu, ikikuonekanea sawa na 109 iliyo mita 250 kumbe bado uko zaidi ya 500, unamaliza risasi hewani. Subiri ikuzibe kioo, na usiifuate mkiani moja kwa moja, kuna mtu juu mgongoni na bunduki yake, ingia kwa ubavu.