Bikari, skwea na herufi G: Frimasoni wanamaanisha nini?

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Habari zenu wakuu. Nafundisha kidato cha pili. Jana nilimaliza kuchora pembetatu ubaoni, nikaweka bikari juu ya skwea (kile kifaa cha kupimia pembe mraba) pale mezani. Binti wa dawati la mbele akafunga daftari: "Mwalimu, hiyo alama ya Frimasoni." Darasa zima kimya. Nilikosa jibu, na imeniuma, maana sitaki mtoto aogope jiometri. Wenye kujua, vifaa hivi kwao vina maana gani?

Msomaji wa Tanga
Mwalimu, ni vifaa vya waashi wa mawe. Lodge nne (matawi ya Frimasoni) za London zilipoungana tarehe 24 Juni 1717 kuunda Lodge Kuu, wanachama wengi hawakuwa waashi tena, ila vifaa wakabaki navyo kama mafunzo ya tabia. Skwea ni mwenendo mnyoofu. Bikari ni kujichorea mpaka ili tamaa zisikuvushe. Pimamaji ni usawa wa watu. Hata rula ya inchi 24 ni saa 24 za siku: za kazi, za ibada na kusaidia wenye shida, za kupumzika.
G ni Jiometri, na ni Mungu pia, wanayemwita Msanifu Mkuu wa Ulimwengu. Kwa Kiingereza yote mawili yanaanza na G.
Sasa sikia hili: kitabu cha kanuni zao alichoandika James Anderson, 1723, kina picha mwanzoni, na chini kabisa umechorwa mchoro wa kanuni ya 47 ya kitabu cha kwanza cha Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Ndiyo Pythagoras unayofundisha!

Fundi Mzee
Hiyo 47 ni 3-4-5 yetu. Sijawahi kujiunga na chama chochote, lakini nimeitumia miaka 31. Unapiga kigingi konani, unavuta kamba mita 3 huku, mita 4 kule, halafu unapima mshazari: ukisoma mita 5, kona imekaa skwea. Msingi wangu wa kwanza ulisoma 5 na sentimita 4. Nikasema si neno. Mzee aliyenifundisha kazi aling'oa vigingi vyote, hakusema kitu, tukaanza upya jua linazama. Kwa hiyo wakisema skwea ni uaminifu, mimi nawaelewa. Mwalimu, watoe watoto nje na kamba.

Mwalimu wa Hisabati, Morogoro
Asanteni sana. Mzee, shikamoo. Kamba ninayo, vigingi nachonga leo jioni. Yule binti ndiye atakayeshika ncha ya mita 5.